Fisi Aliyemmeza Mwalimu Ambrosi

Nilimpasua fisi tumbo kwa mkasi, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima.

Ndani yake akatoka Mwalimu Ambrosi, analia, hana viatu.

Na ukienda kule karibu na Newala ukawauliza wazee, watakuapia kwamba yule alikuwa fisi kweli, na hakuna mtu aliyemvaa. Watakuapia huku wamekukazia macho.

Kaa vizuri nikusimulie, maana hii hata mimi mwenyewe nikiikumbuka nasimama jikoni nacheka peke yangu.

Ilikuwa mwaka 1957, Mwingereza bado yupo yupo. Mimi Isabela, binti wa Masasi, diploma yangu ya ualimu bado inanuka wino, na mdomo umenolewa pande zote mbili. Mtu akikosea neno mbele yangu nilimsahihisha, hata kama tuko msibani.

Ila nilikuwa na mpinzani ndani ya nyumba. Sindano.

Mama yangu, Helena, ndiye aliyeshona mavazi ya michezo ya Krismasi na Pasaka pale misheni. Joho la Herode, mabawa ya malaika, punda wa kuvaliwa na watu wawili. Nimekulia chini ya meza yake ya kukatia. Nilijua kugeuza gunia kuwa mnyama kabla sijajua kuandika jina langu.

Na Mama alikuwa na kituko chake. Alinifundisha kushona nimefumba macho.

"Mama, jua lipo, taa ipo. Nifumbe macho ya nini?"

"Fumba."

"Lakini Mama..."

"Ipo siku utaambiwa usitazame, na kazi itatakiwa iishe. Fumba. Fundo lipitishe mara mbili, kisha lirudishe chini ya uzi."

Nikafumba. Fundo lake lilikuwa la peke yake. Lilikaa bapa, dogo, kama mbegu ya ufuta. Ukipitisha kidole unalijua.

Sasa, mimi nikaandika hadithi ya watoto. Fisi anakwenda kuomba kazi ya kuchunga mbuzi, anajieleza kwa Kiswahili kitamu mpaka mwenye mbuzi anamkabidhi na kondoo.

Niliipenda hadithi ile kuliko chakula. Nilitaka jambo moja tu duniani: ichapwe kitabu, jina langu likae juu ya jalada. Nimechoka kuitwa "yule binti wa mshona punda."

Aliyeshika funguo za kamati ya vitabu vya watoto alikuwa Bibi Mabel, Mwingereza wa misheni. Mwembamba, mpole, na alipenda methali zetu kutuzidi sisi wenyewe. Akaisoma hadithi yangu, akavua miwani.

"Isabela, hadithi hii ni nzuri. Lakini nasikia unashona pia mavazi ya michezo."

"Ndiyo, Bibi."

"Chagua. Njia mbili zilimshinda fisi."

Jamani! Kanipiga na methali yetu, tena ya fisi, juu ya hadithi yangu ya fisi!

"Bibi, mimi nitazifuata zote mbili, na msamba sipasuki."

Akatabasamu kidogo. "Vema. Nitakuja huko Newala unakofundisha. Utawasomea watoto. Wakiketi mpaka hadithi iishe, tutaichapa. Wakitawanyika kabla haijaisha, utaweka sindano chini, kwanza ujifunze kuandika."

Mtu mwenye akili angekwenda kusoma tu, akakaa zake. Mimi nikasema: fisi lazima atokee.

Nikamfuata mwalimu mwenzangu, Ambrosi. Mtu wa Lulindi, amesoma shule ya Chidya, mrefu kama nguzo, moyo laini kama ugali wa mgonjwa. Alikuwa anamtaka binti mmoja pale kijijini, Dominika, ila mama yake Dominika hakutaka hata kusikia kikohozi chake.

"Nikivaa fisi, Dominika atanicheka?"

"Atakucheka mpaka akupende."

Akakubali. Mwanaume mwenye mapenzi hana haja ya kushawishiwa, unamwonyesha shimo tu.

Nikashona. Mwili wa magunia ya korosho, nikayachemsha na magome mpaka yakapata rangi ya vumbi. Manyoya ya katani. Kichwa cha magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa muhogo, meno ya vipande vya kibuyu. Nikamtia na harufu: nililiacha vazi siku nzima juu ya banda la mbuzi.

Vazi la mnyama halitakiwi kifungo. Mtoto akiona kifungo, mnyama amekufa. Mshono wa mwisho, wa kuanzia kidevuni mpaka kitovuni, hushonwa mtu akiwa ameshaingia, na fundi hukaa karibu na mkasi.

"Nikitaka kutoka?" Ambrosi akauliza, nimeshafika kifuani.

"Mkasi ninao mimi."

"Na wewe ukipotea?"

"Nipotee niende wapi? Nasoma hadithi. Inua kidevu."

Siku ikafika. Watoto wamejaa kiwanja cha shule, wamekaa chini. Bibi Mabel kwenye kiti, kofia yake pana. Upande mmoja wazee, mbele yao Mzee Bwanali na fimbo yake. Upande wa pili kina mama waliokuwa wanarudi na maji, madebe kichwani, wakasimama kusikiliza. Mbele yao Mama Dominika mwenyewe.

Nikaanza kusoma. Watoto wanacheka pale pa kucheka. Bibi Mabel anatikisa kichwa kwa raha. Nikasema moyoni, Isabela, jalada hilo.

Nikafika pale: "Ndipo fisi akatokea."

Ambrosi akatokea nyuma ya darasa.

Nikageuza ukurasa.

Kisha kiwanja kikaisha watu.

Sijawahi kuona. Ulikuwa unaona visigino tu. Watoto wote wameingia kwenye mikorosho. Kina mama wamerudi nyuma, kanga usoni, wanachungulia kwa pembeni. Palibaki vumbi, wazee, mimi, fisi, na kofia ya Bibi Mabel inabingirika.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Niko kwa Wamakonde!

Kule juu, uwandani kwao, vijana wakitoka jandoni huja lipiko, mcheza ngoma wa kinyago. Anacheza amefunikwa sura na mwili, huoni hata unyayo. Ndani yake hakuna mtu. Kila mwanamke anajua hakuna mtu, na kila mtoto anakimbia. Mwanamke hata akiutambua mwendo wa mumewe, hautambui. Ndiyo heshima yenyewe.

Na mimi, kwa ufundi wangu wa kujivunia, sikuacha hata kijitundu.

Nikakimbia na mkasi mkononi. "Jamani rudini! Huyu ni Mwalimu Amb..."

Fimbo ya Mzee Bwanali ikagonga ardhi mbele ya vidole vyangu vya mguu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Binti, ulikuwa unataja jina la nani?"

"La huyu hapa."

"Huyu nani? Mimi namwona fisi."

"Ndani yake, Mzee."

"Ndani ya fisi kuna utumbo."

Wazee wakaitikia nyuma yake: "Utumbo tu."

Akaniinamia, akashusha sauti. "Mwanangu, aliyefunikwa hana jina. Mwanamke hamtaji wala hamvui. Ukimvua huyu hapa, kesho watoto watasema hata lipiko letu ni gunia. Halafu wewe utamfundisha mtoto wa nani hapa?"

Nikashusha mkasi.

"Isabela," fisi akanong'ona. "Maji."

Bibi Mabel alikuwa ameokota kofia. Akasogea kwa adabu. "Samahani. Ndani yupo nani?"

"Hakuna mtu, Bibi," wazee wakasema.

"Lakini anaomba maji."

"Fisi hunywa maji, Bibi."

Akamtazama fisi. Fisi akamtazama. Bibi Mabel akakivuta kiti chake nyuma hatua kadhaa, akaketi tena, miguu kaibana.

Sasa Mama Dominika akaiona nafasi yake. Akatua debe lake, akajifunga kanga vizuri, akasogea mpaka umbali wa heshima.

"Fisi, habari za porini?"

"Maji, Mama..."

"Maji haya nimeyapandisha kutoka bondeni kwa kichwa changu, nimpe fisi? Wazimu ninao?" Wenzake wakaguna kukubali. "Ila kwa kuwa wewe ni mgeni, huwajui watu wa hapa, ngoja nikueleze. Kuna mwalimu mmoja anaitwa Ambrosi."

Fisi akainamisha kichwa.

"Kila jioni anapita mlangoni kwangu akiimba nyimbo za kanisani. Sauti kama mbuzi kanasa kwenye waya. Ati anamwimbia Mungu! Mungu amehamia kwangu?"

Kina mama wakaanza kushikana mabega.

"Na ile suruali yake, fisi, wewe mla mizoga mwenyewe ungeionea huruma."

"Mama, mimi nilikuwa nataka..."

"Haa! Fisi ananiita mama! Jamani, mimi nimezaa fisi?"

Mmoja akakaa chini kwa kicheko.

Mama Dominika akasubiri kicheko kipungue. Sauti yake ikabadilika kidogo. "Mimi simchukii. Ila angekuja mchana, kwa mjomba wake Dominika, akapiga hodi kama mtu aliyelelewa. Nani angemfukuza? Sasa wewe, mkikutana huko porini, mwambie."

Fisi akainua kichwa taratibu.

"Nitamwambia."

Kisha akakaa kitako mavumbini. Jua lilikuwa limesimama juu ya utosi. Uji wa muhogo ulishaanza kulainika, taya moja linashuka. Nikasikia pumzi yake ndani ya magunia, nzito, fupi fupi. Utani ukaniishia. Mtu atanifia ndani ya mshono wangu.

Bibi Mabel akasimama, akapangusa sketi. "Isabela, pole. Watoto wametawanyika. Nilikuambia juu ya zile njia mbili."

Loo!

Nishindwe na methali? Mimi?

"Bibi, keti tafadhali. Ulisema kabla hadithi haijaisha. Haijaisha."

Nikaweka karatasi chini. Nikaugeukia mkorosho wa karibu, uliojaa macho, nikapaza sauti.

"Watoto! Fisi akapewa mbuzi awachunge. Akashinda njaa, mbuzi hakugusa. Maana aliahidi kwa Kiswahili fasaha! Sasa siku moja akapita mwalimu. Mwalimu mrefuuu. Anaimba."

Kichwa kimoja kikatokeza.

"Fisi akamuuliza: 'Mbona unapiga kelele?' Mwalimu akajibu: 'Namwimbia Mungu, ila nimesimama mlangoni kwa watu.'"

Kicheko kwenye matawi. Vichwa vikawa vingi.

"Fisi akasema: 'Mbuzi sili, nimeahidi. Walimu sikuahidi.' Akafungua mdomo... akammeza!"

"Akafanya nini?" fisi akauliza.

"Akammeza mzimamzima! Na chaki zake! Na ile suruali! Basi mwalimu akawa analia tumboni. Analiaje?"

Ambrosi hakuhitaji kuigiza. "Maji! Maji jamani!"

Watoto wakashuka. Wakaja kwa kunyata, wameshikana mikono, mguu mmoja mbele, mmoja tayari kukimbia. Lipiko wanalikimbia, ndiyo. Ila fisi aliyemeza mwalimu wao, nani atakubali kusimuliwa?

Nikamgeukia Mzee Bwanali, nikapiga goti.

"Mzee, nimesikia kwamba aliyefunikwa hana jina. Naomba kuuliza. Na aliyemezwa je?"

Mzee Bwanali akakuna kidevu. Akawatazama wenzake. Wakasogea kando, wakachuchumaa, kopo la tumbaku likazunguka.

"Wazee, tafadhali," fisi akalia.

"Nyamaza, fisi. Tunajadili."

Nikasikia vipande vipande. "Aliyevaa kaingia mwenyewe, aliyemezwa kaingizwa." "Sasa yule mbuzi wa Dastani, chatu alipommeza, akawa mbuzi wa chatu?" "Alaa! Alibaki wa Dastani." "Tulimpasua chatu?" "Tulimpasua." "Na mbuzi alivyotoka tulimwitaje?" "Mbuzi wa Dastani."

Wakasimama. Mzee Bwanali akakohoa kama hakimu.

"Aliyemezwa ana jina lake. Lakini mwanamke asimvue mtu hapa."

"Simvui mtu, Mzee. Napasua fisi."

"Pasua."

Nikatia mkasi kidevuni, nikashuka mpaka kitovuni. Watoto wamebana pumzi, mwingine amenishika sketi. Magunia yakaachia, mvuke ukatoka, kisha Mwalimu Ambrosi akadondoka miguuni mwetu, kalowa, macho mekundu, machozi na makamasi pamoja.

Kelele zilizopigwa pale, Masasi walisikia.

Na wa kwanza kumfikia alikuwa Mama Dominika. Akalibeba debe lake la maji, maji ya kupandishwa mlima, akammwagia kichwani debe zima.  Kule juu, maji yalivyo ya shida, ukiona hivyo ujue ni zaidi ya salamu.

"Mwalimu Ambrosi! Ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Nilikuwa... tumboni, Mama."

"Kuna chochote umesikia huko?"

Akafuta uso. "Nimesikia nije kwa mjomba. Mchana. Nipige hodi."

"Nani kakuambia?"

"Fisi."

"Basi fisi yule alikuwa na akili," akasema, akainua debe lake tupu na kuondoka bila kutabasamu. Ila mabega yalikuwa yanacheka.

Nikaliokota neno la mwisho. "Na fisi akafa njaa, maana mwalimu aliyemmeza ametoka. Hadithi imeishia hapo!"

Watoto walikuwa wameketi wote, wamenizunguka, na fisi amelala katikati.

Bibi Mabel akawatazama mmoja mmoja. Kisha akasema, "Walikimbia. Lakini hakuna aliyewaita kwa kengele. Wamerudi wenyewe." Akamgeukia Mzee Bwanali. "Mzee, niambie kweli. Yule mtu alikuwa amevaa?"

"Alikuwa amemezwa, Bibi. Sote tumeona."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyekunywa dawa bila kuuliza. Kitabu kikachapwa, na mwisho ule mpya. Juu ya jalada, jina langu, kila herufi. Chini yake fisi, na mchoraji alimwekea mshono tumboni.

Ungedhani imeishia hapo.

Haikuishia.

Korosho zilipokwisha kuvunwa, mchana mmoja, nipo kibarazani nasahihisha kazi za watoto, naona Mzee Bwanali anakuja na kikapu kilichofunikwa majani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu." Akakitua kikapu mapajani mwangu. "Kitu hiki kimechanika."

Nikaelewa. Nikaweka kalamu chini.

"Macho yako yako wapi?" akauliza.

"Nimeyasahau darasani, Mzee."

"Vizuri. Yaache huko huko."

Nikafumba. Nikatia sindano uzi kwa kidole na ulimi, kama nilivyofundishwa. Mkono ukaingia kikapuni. Kitambaa kikongwe, kizito, jasho la miaka. Nikautafuta mpasuko, nikaupata, nikaanza. Kidole kikateleza pembeni yake, kwenye mshono wa zamani.

Kikagusa fundo.

Bapa. Dogo. Kama mbegu ya ufuta.

Sindano ikasimama hapo hapo. Baba yangu, Cyril, alikuwa mwalimu wa kanisa huku juu kabla mimi sijazaliwa. Mama aliishi hapa.

"Mzee, nani alishona hapa mwanzo?"

"Wapi? Mimi sioni mshono. Wewe unaona?"

"Sioni."

"Basi hakuna aliyeshona."

Nikavuta uzi. Nikaendelea. Baadaye sana akasema, kama anaongea na kuku wa uani:

"Alikuwa mwanamke ana mdomo kama wako. Alituletea punda. Punda wa watu wawili! Watoto wakakimbia, wazee wakasema hakuna mtu ndani. Yeye hakupata la kusema. Punda yule alikaa juani mpaka jua lilipotua, anagombana mwenyewe kwa mwenyewe."

Nilicheka mpaka nikajidunga. Macho nimefumba, machozi yanatoka.

Likizo ilipofika nikashuka Masasi. Nikamkuta Mama kwenye meza yake, anakata mabawa.

"Mama, uliwahi kumshonea lipiko?"

Hakuinua uso. "Lipiko? Si ndani hakuna mtu? Asiye mtu anavaa nguo za nini?" Akalowesha uzi kwa ulimi. "Leta huo mkasi. Kitabu chako nimesomewa. Pale kwenye kumeza, pale... mimi lile neno nililitafuta jua zima."

Basi ndugu msomaji, chukua hili uondoke nalo. Chochote unachokifunga kikazibika sawasawa, iwe nguo, iwe hadithi, iwe mdomo wako, jiwekee na neno la kukifungulia.

Na mtu akikwambia kazi mbili haziendi pamoja, njia mbili zilimshinda fisi, mkubalie kabisa. Ni kweli zilimshinda, akapasuka msamba.

Lakini fisi yule hakuwa na fundi wa kumshona.